Mgonjwa wa Bweranyange

Ikiwa unaishi Karagwe au Kyerwa, bila shaka umepata kusikia habari za Rumanyika, mfalme wa zamani wa Karagwe. Makao yake yalikuwa Bweranyange. Hapo ndipo alipolala mgonjwa ambaye utasoma habari zake sasa.

Jina lake lilikuwa James Augustus Grant. Alizaliwa mwaka 1827 katika mji wa Nairn, Scotland. Alikuwa askari katika jeshi la Waingereza huko India, na mwaka 1857 alijeruhiwa vitani mkono wa kulia. Mwaka 1860 alifika Unguja pamoja na mwenzake, John Hanning Speke. Walitaka kujua mto Naili unaanzia wapi. Walisafiri kutoka pwani kwa zaidi ya mwaka mmoja, wakafika kwa Rumanyika mwezi Novemba, 1861. Mfalme aliwapokea kwa ukarimu.

Mwezi Desemba mguu wa kulia wa Grant ulianza kuvimba, kuanzia juu ya goti. Maumivu yalikuwa makali mno. Baada ya mwezi mmoja hivi uvimbe ulipasuliwa, usaha mwingi ukatoka. Lakini majipu mengine yakatokea, moja baada ya jingine, kwa muda wa miezi mitatu. Goti likapinda, likakakamaa. Januari 1862 Speke alikwenda Buganda, akamwacha mwenzake. Hebu fikiri: mgeni asiyeweza kutembea, mbali na kwao, katika nchi ambayo haikuwa na hospitali hata moja.

Watu hawakumtupa. Bombay, mmoja wa viongozi wa msafara, alikuwa amesikia habari za dawa ya kubandika, yaani kinyesi cha ng'ombe, chumvi na tope la ziwani. Ilibandikwa ikiwa ya moto, nayo haikusaidia. Baraka, kiongozi mwingine, alishikilia kuwa nyoka amemtemea mate mguuni. Nnanaji, ndugu yake mfalme, alisema kuwa anaujua ugonjwa huo vizuri, akampelekea mganga wa Kinyambo pamoja na mkewe. Mganga huyo alikuwa mpole sana. Alimchanja kwa kisu kidogo. Mkewe akafungua jani la mgomba lililokuwa na dawa nyeusi, ikapakwa katika chale. (Wewe usijaribu jambo hilo, maana wembe huweza kuambukiza maradhi ya hatari.) Chale zilipona upesi, lakini mguu haukupata nafuu.

Ugonjwa ulikwisha wenyewe katika mwezi wa tano. Aprili 1862 Grant aliondoka Karagwe akiwa amebebwa katika machela. Mwezi Julai Speke alipofika mahali Naili inapotoka katika Ziwa Viktoria, Grant hakuwapo.

Mwaka 1864 alichapisha kitabu juu ya safari yake. Humo alieleza ugonjwa wake bila kuona haya: lini ulianza, mahali ulipoanzia, jinsi ulivyobadilika, dawa alizotiwa, na ipi haikufaa kitu. Alikuwa na desturi ya kuangalia mambo kwa makini. Hata mimea ya njiani aliikusanya na kuikausha ili wataalamu waichunguze. Kwa maoni yetu, maelezo yale ya mguu ni kazi kubwa sawa na mimea hiyo. Daktari huuona uvimbe kwa macho yake, lakini siku ulipoanza, na dawa zilizokwisha kutumiwa, huambiwa na mgonjwa au na watu wa nyumbani kwake. Nawe ukienda zahanati, mweleze mganga mambo hayo yote, hata kama ni dawa za kienyeji.

Grant alifariki mwaka 1892. Mwaka 1948 wataalamu wa Australia walieleza bakteria aletaye vidonda vya namna fulani visivyopona upesi. Baadaye ugonjwa huo ulipewa jina la Buruli, eneo la Uganda ambako wagonjwa wengi walionekana. Madaktari waliosoma maelezo ya Grant wanaona kuwa yaelekea ndiyo ya kwanza kuandikwa juu ya ugonjwa huo. Siku hizi hutibiwa kwa dawa za kuua bakteria kwa muda wa wiki nane, na mgonjwa anayewahi hospitali uvimbe ukiwa bado mdogo mara nyingi hupona bila kupasuliwa.