Jack Davies, munganga aliyeona kovu ndani ya moyo

Mjini Kalemie, sawa na pande nyingi za mashariki mwa Kongo, kijana akivimba tumbo huku miguu yake ingali myembamba, jamaa huanza kuulizana nani amemlisha sumu. Wengine wanafikiria maini. Wachache ndio wanaofikiria moyo.

Marehemu Jack Davies, munganga kutoka Uingereza, aliyakuta matumbo ya namna hiyo mara nyingi katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, inchini Uganda. Alifika huko katika miaka ya 1940, na kazi yake ilikuwa kupasua maiti ili kujua mtu amekufa na nini. Alipofungua mioyo ya watu hao, aliona ngozi nyembamba ya ndani imegeuka kovu jeupe, nene na gumu. Kovu lilikuwa limejaza ncha ya moyo na kuvuta milango yake, hata chumba cha damu kikabaki kidogo. Damu ikikosa nafasi inarudi nyuma: mishipa ya shingo inavimba, maini yanakuwa makubwa, na maji yanajaa tumboni.

Mwenzake Arthur Williams alikuwa ameandika juu ya mioyo ya wagonjwa wa Uganda tangu 1938. Lakini ni Davies aliyekusanya visa, akavilinganisha, na mwaka wa 1948 akasema kwamba huu ni ugonjwa wa peke yake. Aliuandikia katika jarida la waganga wa Afrika Mashariki na katika kitabu chake cha udaktari kwa Univasite ya Bristol. Hadi leo vitabu vingine vinauita ugonjwa wa Davies. Wagonjwa wengi walikuwa watoto na vijana, na kati yao walikuwemo wahamiaji wengi kutoka Rwanda na Burundi waliokuja Buganda kutafuta kazi.

Hakuwa mtu wa jambo moja. Akiwa profesa Makerere alisaidia kuanzisha daftari la kansa la Kampala, na pamoja na George O'Conor alionyesha uvimbe wa taya za watoto ni kansa ya aina gani. Aliandika pia juu ya waganga wa Bunyoro waliojua kupasua mama mzazi mnamo 1879. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 aliondoka, akaenda kufundisha Albany, Marekani.

Swali la chanzo cha kovu aliliacha wazi. Katika miaka ya 1960 watafiti waliishuku ndizi, kwa sababu ina serotonini, kitu ambacho mwilini hufanya kazi kama hormoni na kikizidi sana kinaweza kuacha kovu moyoni. Dhana hiyo haikusimama. Mamilioni wanakula ndizi kila siku na mioyo yao ni mizima. Wengine walitaja muhogo, wengine minyoo. Hadi leo hakuna jibu moja.

Kilichoeleweka zaidi ni hormoni nyingine, aldosteroni, iliyogunduliwa London mwaka wa 1953. Inaingia katika vipokezi vya chembe za mwili kama ufunguo katika kufuli. Moyo ukichoka, aldosteroni inazidi, mwili unashika chumvi na maji, na moyo unaongezewa kovu. Spironolaktoni, kidonge ambacho wengi wanakijua kwa jina la Aldactone, inaziba kufuli hiyo. Utafiti uliotangazwa 1999, kwa wagonjwa zaidi ya 1,600 wenye moyo uliochoka sana, ulionyesha vifo vilipungua kwa asilimia 30.

Hao hawakuwa wagonjwa wa Davies. Kwa hawa kidonge kinasaidia kupunguza maji ya tumbo, lakini kovu la zamani hakiliondoi. Tena hakifai kununuliwa ovyo: kinaweza kupandisha potasiamu katika damu na kusimamisha moyo, zaidi kwa mwenye figo mbovu. Ndiyo maana damu inapimwa kabla ya kukianza na baadaye pia.

Davies ilimbidi angoje mgonjwa afe ndipo alione kovu. Leo ekografi ya moyo inalionyesha kwa dakika chache, mgonjwa akiwa amelala kitandani, tumbo limevimba, jamaa wakingoja nje.