Anuarite alisamehe, na mimi je?

Nimebeba mizigo ya watalii Ngorongoro, nikarudi hapa Karatu mikono mitupu: bosi kala hela yangu. Hasira ikaninyima usingizi.

Ndipo nikamkumbuka Mwenye Heri Anuarite, mzaliwa wa Wamba, Kongo, sista wa Familia Takatifu aliyefundisha watoto Bafwabaka. Desemba 1, 1964, kule Isiro, Kanali Olombe wa waasi wa Simba alimtaka kwa nguvu. Akakataa. Akapigwa, na kabla ya kufa akamsamehe. Yohane Paulo II alimtangaza mwenye heri mwaka 1985.

Hela bado naidai. Ila jana nilimwombea bosi kwenye rozari, nikalala. Wewe utamwombea nani leo?