Ibn Sina, Tabibu Aliyetafuta Sababu

Abu Ali ibn Sina alizaliwa mwaka wa 980 (370 Hijria) katika kijiji cha Afshana, karibu na Bukhara. Alihifadhi Kurani akiwa na miaka 10, na angali kijana akamtibu mfalme Nuh bin Mansur. Ujira wake ukawa ruhusa ya kusoma katika maktaba ya mfalme.

Katika Al-Qanun fi al-Tibb, kitabu chenye sehemu tano, alifundisha kwamba maradhi hayajulikani kwa alama zake tu, bali kwa sababu zake, za dhahiri na za siri. Kwa hiyo tabibu hana budi kuuliza habari za hewa, chakula na maji, kazi na mapumziko, usingizi, na hali ya moyo wa mgonjwa. Alifariki Hamadan mwaka wa 1037, na kitabu chake kikasomeshwa Ulaya hata karne ya 17.

Sisi wa Nakuru twalihitaji somo hili. Meno ya wengi katika watoto wetu yana madoa ya kahawia, na wako wanaowalaumu kwa uchafu. Sababu imo kisimani: maji ya chini ya Bonde la Ufa hubeba floraidi nyingi kutoka katika mawe ya volkeno, nayo huharibu meno yangali yakiumbika, ikizidi kwa miaka mingi, hudhuru hata mifupa. Mswaki hauyaondoi madoa hayo, wala kuchemsha maji hakuiondoi floraidi. Basi na tukinge maji ya mvua kwa ajili ya wadogo, wala tusimwaibishe mtoto kwa kosa la kisima.