Fritz Haber
Fritz Haber (9 Desemba 1868 – 29 Januari 1934) alikuwa mwanakemia kutoka nchini Ujerumani. Alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1918 kwa kutengeneza amonia kutoka nitrojeni na hidrojeni. Anajulikana pia kama kiongozi wa vita vya gesi za sumu.

Maisha ya awali
Alizaliwa Breslau (leo Wrocław, Poland) katika familia ya Kiyahudi, akabatizwa akiwa kijana. Mwaka 1901 alimwoa Clara Immerwahr, naye mwanakemia mwenye shahada ya uzamivu.

Amonia
Hewa imejaa nitrojeni, lakini atomi zake zimeshikana kwa nguvu sana na mimea mingi haiwezi kuitumia hivyo. Kupasha joto huharakisha mmenyuko, ila hupunguza amonia inayopatikana. Haber alitumia shinikizo kubwa, kichocheo cha osmi, na mfumo wa kuzungusha tena gesi ambazo hazijaungana. Tarehe 2 Julai 1909, mjini Karlsruhe, aliwaonyesha wajumbe wa kampuni ya BASF amonia ikidondoka. Osmi ni adimu mno, kwa hiyo Alwin Mittasch alijaribu maelfu ya vichocheo hadi akafikia chuma kilichochanganywa na oksidi nyingine, huku Carl Bosch akijenga mitambo. Kiwanda cha Oppau kilianza kazi mwaka 1913.

Urea, ambayo wakulima wa Tanzania huiita mbolea ya kukuzia, hutokana na amonia hiyo. Miwa, zao linaloshughulikiwa na kituo cha utafiti wa kilimo cha Kibaha, ni kati ya mazao yanayohitaji nitrojeni kwa wingi.

Vita
Amonia hiyohiyo iliipatia Ujerumani baruti wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Haber alikwenda mbali zaidi: alisimamia mwenyewe shambulio la gesi ya klorini huko Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Siku chache baadaye Clara alijiua kwa bastola ya mumewe. Haber aliondoka upesi kwenda uwanja wa vita wa mashariki. Alipopewa Nobel, wanasayansi kadhaa wa nchi zilizopigana na Ujerumani walilalamika.

Miaka ya mwisho
Katika miaka ya 1920 alitafuta dhahabu katika maji ya bahari ili kulipa fidia za vita, akakuta ni kidogo mno. Mwaka 1933 serikali ya Hitler iliagiza Wayahudi wafukuzwe katika taasisi aliyoiongoza Berlin tangu 1911. Yeye aliruhusiwa kubaki kwa sababu ya utumishi wake vitani, lakini alijiuzulu, akaenda Cambridge, Uingereza. Alifariki Basel, Uswisi, akiwa safarini. Dawa ya kuua wadudu iliyoanzia katika taasisi yake ilitumiwa baadaye kuua Wayahudi, wakiwemo ndugu zake.

Taasisi hiyo leo ina jina lake. Gerhard Ertl alieleza jinsi nitrojeni inavyovunjika juu ya chuma, naye akapata Nobel mwaka 2007. Utafiti wa vichocheo vya amonia unaendelea, hasa vile vinavyoweza kufanya kazi kwa joto na shinikizo dogo na kutumia hidrojeni iliyotokana na maji badala ya gesi asilia.