Mtakatifu Augustino: Moyo Unaoguswa kwa Macho na Masikio

Kila mwaka tarehe 28 Agosti, Mama Kanisa huadhimisha kumbukumbu ya Mtakatifu Augustino, Askofu na Mwalimu wa Kanisa. Wengi tunamfahamu kama mwana aliyeongoka baada ya machozi mengi ya mama yake, Mtakatifu Monika. Lakini maisha yake yanatufundisha pia jambo jingine linalotuhusu sote: yale tunayoyaona na tunayoyasikia huungana kuuteka moyo, nao moyo uliotekwa hivyo waweza kupelekwa kwa Mungu au mbali naye.

Augustino alizaliwa tarehe 13 Novemba 354 huko Thagaste, mji ambao leo huitwa Souk Ahras, nchini Algeria. Akiwa kijana alikwenda kusoma Karthago, na huko akanaswa na michezo ya jukwaani, hasa ile ya huzuni. Alitazama wapendanao wakitenganishwa, akasikia maombolezo yao, akalia. Na kadiri alivyolia ndivyo alivyofurahi. Miaka mingi baadaye, katika kitabu chake cha Maungamo, alijiuliza kwa nini mtu apende kuhuzunishwa na mambo ambayo asingependa yampate mwenyewe. Aligundua kwamba huruma ile haikumsaidia mtu yeyote. Mtazamaji hakuitwa kumwinua anayeteseka, bali kuonja uchungu tu na kurudi nyumbani.

Katika kitabu hicho hicho anasimulia habari za rafiki yake Alipi, aliyekwenda Roma kusomea sheria. Alipi aliichukia michezo ya wapiganaji waliouana mbele ya umati. Siku moja wenzake wakamvuta kwa nguvu hadi uwanjani. Akaketi, akafumba macho, akiamini kwamba asipotazama hatadhurika. Lakini masikio hayana kope. Mpiganaji mmoja alipoangushwa, umati ukapiga ukelele mkubwa, naye Alipi akashindwa kujizuia, akafumbua macho. Alipoiona damu, alilewa ukatili ule papo hapo. Akashangilia pamoja na wengine, na tangu siku hiyo akawa mtu wa kurudi uwanjani, tena akiwavuta wenzake. Kelele ndizo zilizofungua mlango, na macho yakakamilisha kazi.

Mwaka 384 Augustino alifika Milano kuwa mwalimu wa ufasaha. Alikwenda kumsikiliza Askofu Ambrosi kwa sababu ya uzuri wa usemi wake, wala hakuyajali mafundisho. Hata hivyo, pamoja na usemi, ukweli nao ukawa unaingia polepole. Mwaka 386 Malkia Justina, mama wa Kaisari kijana Valentinian II, aliyewaunga mkono Waario, alitaka kuwanyang'anya Wakatoliki kanisa. Waamini wakakesha kanisani pamoja na Askofu wao, tayari kufa naye, na Monika alikuwa miongoni mwao. Ili wasivunjike moyo, wakaanza kuimba zaburi na tenzi kwa desturi ya Wakristo wa Mashariki.

Mwaka huo huo, akiwa bustanini na moyo wake ukiwa katika mapambano makali, Augustino alisikia sauti ya mtoto kutoka nyumba ya jirani ikirudia-rudia wimbo wa kumhimiza mtu achukue na kusoma. Akazifungua nyaraka za Mtakatifu Paulo, macho yake yakakutana na sura ya 13 ya Waraka kwa Warumi. Sikio lilimwita, jicho likasoma, na mashaka yakamtoka. Katika Mkesha wa Pasaka wa mwaka 387 alibatizwa na Ambrosi, pamoja na mwanawe Adeodato na rafiki yake Alipi. Siku zile alilia sana kwa sababu ya nyimbo za Kanisa, lakini sasa machozi yake yalikuwa yamepata njia.

Miezi michache baadaye Monika alifariki dunia huko Ostia. Augustino alimfumba mama yake macho kwa mkono wake mwenyewe, akajizuia kulia hata kaburini. Ni pale tu alipokuwa peke yake kitandani, akaukumbuka utenzi wa jioni wa Ambrosi, ndipo machozi yalipomtoka.

Alipokuwa Askofu wa Hippo, hakuusahau uwezo huo wa sauti, tena uliutia hofu moyo wake. Alikiri kwamba mara nyingine aliguswa na uimbaji kuliko maneno yaliyoimbwa, na jambo hilo alilihesabu kuwa dhambi. Alifikiria hata kuifuata desturi ya Mtakatifu Atanasi wa Aleksandria, aliyeagiza zaburi zisomwe kwa mahadhi machache, karibu na kusemwa. Mwishowe aliukubali uimbaji kanisani, kwa kuwa kupitia masikio roho iliyo dhaifu huinuliwa kwenye ibada.

Mwaka 430, Wavandali wakiwa wameuzingira mji wa Hippo, Augustino aliugua. Mtakatifu Posidi, aliyeishi naye, anasimulia kwamba aliomba Zaburi za toba ziandikwe na kubandikwa ukutani. Alizisoma akiwa kitandani, akilia, na kwa siku kama kumi hakutaka watu waingie, isipokuwa waganga na walioleta chakula. Alifariki tarehe 28 Agosti, akiwa na umri wa miaka 75.

Ndugu wapendwa, kijana aliyelia mbele ya jukwaa na mzee aliyelia mbele ya ukuta ni mtu yule yule, mwenye moyo ule ule mwepesi wa kuguswa. Kilichobadilika ni kile alichokiweka mbele ya macho yake. Kwaya inapotutoa machozi na altare iliyopambwa inapotufurahisha, tumshukuru Mungu. Kisha tujiulize kama machozi hayo yametufikisha kwenye toba, na kwa jirani anayehitaji msaada wetu.

Mtakatifu Augustino, utuombee.