Fausto Coppi: Bingwa wa baiskeli aliyeishinda milima akaangushwa na mbu

ANAYEIFAHAMU Gusii anajua kwamba huko baiskeli husukumwa mara nyingi kuliko inavyopandwa. Mtu huisukuma mlimani ikiwa na mikungu ya ndizi au mitungi ya maziwa huku jasho likimtiririka. Nafuu huipata anapofika chini bondeni, kama pale Sironga katika Kaunti ya Nyamira, ambako ardhi ni oevu, mikaratusi imepandwa na mitaro imechimbwa ili kuyaondoa maji mashambani.

Mabonde ya namna hiyo ni raha kwa mwendeshaji baiskeli. Hata hivyo, yana mwenyeji wake ambaye hana huruma, naye ni mbu.

Maisha ya Fausto Coppi, Muitaliano ambaye wengi humhesabu miongoni mwa waendeshaji baiskeli bora zaidi kuwahi kuonekana duniani, yaliyakutanisha mambo hayo mawili kwa njia ya kusikitisha. Alipanda milima iliyowashinda wenzake, akatamba kwenye nyanda tambarare, akanusurika vita na ajali, kisha akaaga dunia akiwa na umri wa miaka 40 kwa malaria ambayo haikutambuliwa.

Coppi alizaliwa Septemba 15, 1919 katika kijiji cha Castellania, kwenye vilima vya eneo la Piedmont, kaskazini magharibi mwa Italia. Alikuwa mtoto wa nne kati ya watano katika familia ya wakulima wa kipato cha chini. Alikuwa mwembamba, mwenye miguu mirefu na kifua kipana, na hakuna aliyemtazama akadhani kwamba angekuwa shujaa.

Akiwa na umri wa miaka 13 aliacha shule na kwenda mji wa Novi Ligure kuajiriwa na mwenye bucha. Kazi yake ilikuwa kuwapelekea wateja nyama kwa baiskeli. Kwa hivyo, kabla ya kuwa bingwa, Coppi alikuwa kijana wa kubeba mizigo, sawa na maelfu ya vijana wa Afrika Mashariki ambao wamejipatia riziki kwa magurudumu mawili. Ami yake, aliyekuwa baharia, ndiye aliyempa fedha za kununulia baiskeli ya mashindano.

Katika mji huo alikutana na Biagio Cavanna, mkandaji wa wanamichezo aliyekuwa kipofu. Inasimuliwa kwamba Cavanna aliutambua uwezo wa mtu kwa kumpapasa misuli na kuyasikiliza mapigo ya moyo wake. Aliyoyagundua katika mwili wa kijana huyo yalimfanya amchukue na kumlea kimichezo hadi mwisho.

Novi Ligure ulikuwa mji mwafaka kwa mwanafunzi wa baiskeli. Kusini mwake barabara hupanda milima kuelekea baharini, na kaskazini hufunguka uwanda mpana wa mto Po, wenye mashamba ya mpunga, mifereji ya maji na safu za miti mirefu. Milimani Coppi alijifunza kuvumilia. Uwandani alijifunza jambo lililo gumu kwa namna yake, yaani kudumisha kasi saa baada ya saa bila mteremko wa kumpumzisha wala kona ya kumkinga na upepo.

Mwaka 1940, akiwa na umri wa miaka 20, aliingia katika mashindano makubwa ya kuizunguka Italia, Giro d'Italia, kama msaidizi wa Gino Bartali, aliyekuwa nyota wa taifa. Bartali alianguka na kujeruhiwa. Msaidizi akapewa nafasi, na mashindano yalipomalizika akawa ndiye mshindi.

Siku moja tu baadaye, Italia ilijitosa katika Vita vya Pili vya Dunia. Mnamo Novemba 1942 Coppi alivunja rekodi ya dunia ya mwendo wa saa moja mjini Milan, kwa kuendesha zaidi ya kilomita 45. Kisha alipelekwa vitani Afrika Kaskazini, ambako alitekwa na Waingereza nchini Tunisia mnamo Aprili 1943. Miaka ambayo mwanamichezo huwa katika kilele cha nguvu zake, yeye aliimaliza jeshini na kifungoni.

Alirejea kwa kishindo. Katika mashindano ya Milan hadi San Remo ya Machi 1946, yenye urefu wa takriban kilomita 290, alichomoka mapema wakiwa bado kwenye uwanda, akawaacha wote na kufika ufuoni peke yake. Aliyemaliza wa pili alifika dakika 14 baadaye. Kwa Waitaliano waliokuwa wakiishi katikati ya magofu ya vita, ushindi huo ulikuwa kama ishara kwamba nchi yao ingeweza kusimama tena.

Ushindani wake na Bartali uliigawa Italia pande mbili. Bartali, aliyekuwa mcha Mungu na mtu wa mila, alipendwa na wahafidhina. Coppi alionekana kuwa mtu wa zama mpya, aliyezingatia lishe, mazoezi ya kisayansi na mpangilio wa timu. Katika kila kijiji watu walibishana kuhusu wawili hao kama ambavyo mashabiki wa Gor Mahia na AFC Leopards hubishana hapa Kenya.

Mwaka 1949 alifanya jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya kabla yake. Alishinda Giro d'Italia na Tour de France katika mwaka mmoja, na akarudia ufanisi huo mwaka 1952. Katika mkondo wa Cuneo hadi Pinerolo wa Giro ya 1949, alivuka milima mitano ya Alps na kusafiri peke yake kwa kilomita 192. Bartali alimaliza wa pili, karibu dakika 12 nyuma yake.

Wapo waliodhani kwamba Coppi alikuwa mtu wa milima tu. Jibu lilipatikana Aprili 1950 katika mashindano ya Paris hadi Roubaix. Njia hiyo haina mlima wa kutajika. Huanzia karibu na misitu ya eneo la Paris na kuingia katika nchi tambarare ya kaskazini mwa Ufaransa, penye mashamba ya viazisukari, mifereji ya meli za mizigo na barabara za mawe zinazotikisa mifupa.

Upepo wa huko humchosha mtu kuliko kilima. Coppi alichomoka zikiwa zimesalia takriban kilomita 45, na alipokata utepe alikuwa amemwacha Mfaransa Maurice Diot kwa karibu dakika tatu. Husimuliwa kwamba Diot alishangilia nafasi ya pili kana kwamba ameshinda, kwa kuwa alimwona Coppi kuwa katika daraja lake peke yake.

Kwa jumla, Coppi alitwaa Giro d'Italia mara tano, yaani 1940, 1947, 1949, 1952 na 1953, na Tour de France mara mbili. Mwaka 1953 alitawazwa bingwa wa dunia wa mbio za barabarani mjini Lugano, Uswisi.

Nyuma ya ushindi kulikuwa na machozi. Mnamo Juni 1951 mdogo wake, Serse, aliyekuwa pia mwendeshaji baiskeli na mwandani wake mkubwa, alianguka karibu na mwisho wa mashindano mjini Turin. Aliinuka na kumaliza, lakini akafariki saa chache baadaye kwa jeraha la kichwa. Coppi mwenyewe alivunjika mifupa mara nyingi.

Aidha, hakuwa malaika. Alikiri kutumia dawa za kuongeza nguvu, wakati ambapo hazikuwa zimepigwa marufuku. Alimwacha mkewe, Bruna, na kuishi na Giulia Occhini, aliyekuwa mke wa daktari, na kwa kuwa uzinzi ulikuwa kosa la jinai nchini Italia, wawili hao walihukumiwa mwaka 1955. Baadhi ya waliomshangilia barabarani walimgeuzia kisogo.

Miaka ikasonga na miguu ikaanza kuchoka, lakini Coppi hakutaka kuiacha baiskeli. Mnamo Desemba 1959 alialikwa Ouagadougou, katika nchi ya Upper Volta ambayo leo ni Burkina Faso, kushiriki mashindano ya kirafiki na kuwinda. Alifuatana na nyota wa Ufaransa, akiwemo Jacques Anquetil na rafiki yake Raphaël Géminiani.

Mashindano yalikwenda vyema na uwindaji ukafanyika. Usiku, mbu waliwasumbua Coppi na Géminiani, waliolala chumba kimoja. Kisha kila mmoja akarejea kwao kusherehekea Krismasi.

Siku chache baadaye, wote wawili walishikwa na homa kali. Kuanzia hapo njia zao ziliachana.

Nchini Ufaransa, Géminiani alipoteza fahamu, lakini damu yake ilipelekwa Taasisi ya Pasteur kupimwa. Ilipatikana na vimelea vya malaria aina ya falciparum, ambayo ndiyo hatari zaidi. Akapewa kwinini na kuponea chupuchupu.

Nchini Italia, madaktari wa Coppi waliamini kwamba alikuwa na homa ya mafua iliyoshuka mapafuni. Habari za ugonjwa wa Géminiani zilifikishwa kwao kutoka Ufaransa, lakini hawakubadilisha mawazo. Alipewa dawa ambazo hazingeweza kuua vimelea vya malaria. Alfajiri ya Januari 2, 1960 alikuwa mahututi katika hospitali ya Tortona, na asubuhi hiyo akakata roho.

Tofauti ya watu hao wawili, walioumwa na mbu katika chumba kimoja, ilikuwa tone la damu chini ya hadubini. Géminiani aliishi miaka mingine 64, akafariki Julai 2024 akiwa na umri wa miaka 99.

Maelfu ya watu walipanda vilima vya Castellania kumzika Coppi. Tangu mwaka 1965, kilele kirefu zaidi katika kila Giro d'Italia huitwa kwa jina lake, na mwaka 2019, alipotimia miaka 100 tangu kuzaliwa, kijiji chake kilibadilishwa jina na kuwa Castellania Coppi.

Kisa hicho kina uzito wa pekee kwa wakazi wa Kisii na Nyamira. Kwa sababu ya baridi ya milimani, wengi wao hawana kinga ya malaria iliyo nayo miili ya watu wa kando ya Ziwa Victoria au wa Pwani. Ndiyo maana milipuko iliyozikumba nyanda za juu za magharibi mwa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1990 iliua wakubwa kwa wadogo.

Watafiti waliochunguza mabonde ya nyanda hizo wamebaini kwamba mbu waenezao malaria hupenda kuzaliana katika maji yaliyotuama yanayopigwa na jua, kama vile mitaro ya mashambani na mashimo ya matofali, kuliko kwenye kinamasi kilichofunikwa na mafunjo. Kumbe kulikausha bonde bila uangalifu kunaweza kumkaribisha adui nyumbani.

Mwendeshaji baiskeli mwingine, Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, aligunduliwa mwaka 2010 kuwa na vimelea vya kichocho baada ya kupimwa damu. Alitibiwa, na kati ya 2013 na 2017 akashinda Tour de France mara nne.

Tangu mwaka huo wa 2010, Shirika la Afya Duniani (WHO) limependekeza kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kutibiwa. Kipimo hicho leo huchukua dakika chache na hupatikana hata katika zahanati za mashambani. Coppi, pamoja na umaarufu wake wote, hakufanyiwa kwa wakati. Mkazi wa Sironga anayeamka na homa, au anayerejea nayo kutoka safari ya ziwani, hana sababu ya kuufuata mkondo huo.