Ekonomi inapeleka mutu wapi?

Sisi wa kalasi ya sita tunaulizana kila siku: tukipata diplome, tusome nini? Wengi wanajibu ekonomi, juu ya feza. Basi tuwaeleze habari ya Barack Obama wa Kenya, baba ya yule aliyekuwa rais wa Marekani tangu 2009 mpaka 2017.

Alisoma Maseno, shule ya misioni ya Waanglikana, lakini hakumaliza. Akawa karani Nairobi, akaendelea kusoma kwa njia ya posta. Mwaka 1959 alikwenda Hawaii, mwanafunzi wa kwanza kutoka Afrika katika iniversite ile. Akamaliza ekonomi mwaka 1962, kisha akaongeza masomo Harvard.

Aliporudi, milango ilifunguka: kampuni ya Shell, Banki Kuu ya Kenya, shirika la utalii, wizara ya feza. Mwaka 1965 aliandika wazi juu ya mipango ya serikali, akiuliza mali ya inchi iko mikononi mwa nani.

Lakini pombe ilimushinda. Kazi zilimutoka, aksida za gari zikafuatana. Ya mwisho ilimuua Nairobi, tarehe 24 Novemba 1982.

Tunaopenda ekonomi, tufuate bidii yake na ulizo lake. Kuhesabu feza ya inchi ni kazi. Kujitawala ni kazi ingine. Hiyo ya pili, hakuna profesa atakayetufanyia.